Kabla hujafuta anwani iliyojirudia

Kazi hii ya kusafisha anwani zilizojirudia niliijua vizuri siku niliyofuta nusu ya jengo la kona. Nilikuwa na jedwali la anwani za jiji zima, limeunganishwa kutoka vyanzo vitatu, nami nimechoka. Nikaweka sharti moja: nukta mbili za ramani zenye namba moja ya nyumba, zikikaribiana chini ya mita 20, zihesabiwe kitu kimoja; ibaki moja, nyingine ifutwe. Programu ikamaliza kabla chai haijapoa.

Kumbe jengo lile ni namba 12 Mtaa wa Soko, na upande wa pili ni namba 12 Mtaa wa Shule. Milango miwili, ngazi mbili, wapangaji wasiojuana. Baada ya wiki moja msambazaji wa vifurushi akalalamika kuwa upande wa Shule haumo kwenye ramani. Angeuonaje, na mimi ndiye niliyeufuta?

Siku hizi, kabla sijalinganisha maneno, nahesabu milango. Mlango mmoja ulioandikwa mara mbili kwa jina lile lile, unganisha. Mlango mmoja wenye majina mawili yanayotumika, hizo ni anwani mbadala. Zitunze zote mbili chini ya kitambulisho kimoja cha mahali, moja ikiwa kuu. Milango miwili, usiguse.

Maandishi nayo yana mitego yake. Kuondoa nafasi za ziada na kugundua herufi O iliyokaa mahali pa sifuri ni kazi ya dakika tano. Vifupisho ndivyo vitakavyokula siku yako. "Mt." ni Mtaa au Mtakatifu? Niliwahi kuamuru kila "Mt." igeuzwe "Mtaa", na Barabara ya Mt. Petro ikawa Barabara ya Mtaa Petro. Ndiyo maana napenda utaratibu wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, wa kuandika majina ya barabara kwa kirefu: anayejua maana ya kifupisho akiandike kikamilifu, wa baadaye asibahatishe. Ukilazimika kutanua vifupisho kwa programu, hifadhi maandishi ya awali kwenye safu yake, usiandike juu yake.

Utakutana pia na rundo la anwani tofauti zilizokaa kwenye nukta moja kabisa, hata tarakimu ya sita ya desimali kwenye latitudo na longitudo inalingana. Usizifute! Mara nyingi programu ya kutafuta mahali ilishindwa kuipata nyumba, ikarudisha katikati ya mtaa au hata katikati ya jiji. Anwani ni nzima. Kilichoharibika ni mahali pake. Wakati mwingine ni ghorofa lenye nyumba nyingi, na namba za vyumba zilipotea wakati wa kuhamisha data. Rudi kwenye chanzo uone kama kuna safu iliyoachwa.

Mtaa ukibadilishwa jina, la zamani usilitupe. Watu wataendelea kulitafuta kwa miaka, na lipo kwenye hati na bili zao. OpenStreetMap ina lebo ya old_name kwa jina lililopitwa na wakati, na alt_name kwa jina la pili linaloishi. Kwenye jedwali lako mwenyewe, ongeza tarehe ya mabadiliko kama unayo.

Na neno "futa" mimi nimeliacha. Natia alama "imeunganishwa na" kisha kitambulisho cha iliyobaki, ili nikikosea nirudi nyuma bila kulia.

Zinazobaki na utata naziandika pembeni, nazifuata kwa miguu. Ya mwisho ilikuwa 7 na 7A, nukta moja, jina moja la mtaa, na nilikuwa na hakika kuwa 7A ni kosa la mwandishi. Nilipofika nikakuta mlango wa nyuma uliozibwa kwa matofali zamani, na pembeni yake kisanduku cha barua chenye 7A iliyofifia. Kilikuwa na barua ndani. Nimeiacha.