Chembe za njano kwenye karai: dhahabu au ulanga?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Nzega. Wikiendi huwa nashuka korongoni na karai, najiburudisha kwa kuosha mchanga. Juzi nimepata chembe za njano zinazometameta sana. Nitajuaje kama ni dhahabu bila kwenda maabara?

JIBU: Mwalimu, hilo neno "zinazometameta" ndilo linalonitia wasiwasi. Dhahabu haikonyezi. Zikinge jua kwa kiganja, ugeuze karai taratibu. Chembe inayowaka na kuzimika ni ulanga (maika, madini ya vigamba vyembamba vinavyong'aa) au pairaiti (madini ya njano ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu); dhahabu hubaki na unjano uleule, juani na kivulini. Sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo Wajerumani waligonga hapo Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, mpaka leo ni za njano.

Kisha yaachie maji yakuamulie. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, pairaiti mara 5, ulanga takriban 3. Tia maji kidogo, inamisha karai, yaache yapite juu ya mchanga kama utando mwembamba. Ulanga utaondoka kwanza, kama magamba ya samaki. Mchanga mweupe utafuata. Mchanga mweusi wa chuma utasita, na dhahabu itabaki mkiani kabisa, imeganda pale hata ukitikisa. Kama chembe zako zilikimbia na maji, umeshapata jibu.

Zilizobaki zikaushe, uutoe mchanga mweusi kwa sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Weka chembe moja juu ya sahani, uikandamize kwa ncha ya sindano. Dhahabu hubonyea. Pairaiti huvunjika ikawa unga mweusi, ulanga hubanduka tabaka tabaka. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani.

Matumaini yako yana msingi: Nzega ina miamba ya dhahabu, na mgodi wa Golden Pride pale Lusu ulifanya kazi hadi 2014. Ila usihangaike na mchanga wa juu katikati ya korongo. Kwangua nyufa za mwamba ulio chini, na nyuma ya mawe makubwa, maji yanapopunguza kasi.

Lakini kabla hujarudi huko, pita Ofisi ya Madini ya mkoa. Sheria ya Madini ya 2010 inakataza kutafuta au kuchimba madini bila leseni, na anayejiburudisha hakuachwa nje. Usije ukawa unaosha ndani ya eneo la mwenye leseni yake.

Na zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa chembe za dhahabu kisha huichoma, usiiguse, mwalimu wangu. Ukiichoma, mvuke wake hauonekani, na huharibu ubongo na figo, za watoto waliokaribu hasa. Chembe chache kama zako huokotwa kwa ncha ya kijiti kilicholowa, zikadondoshwa kwenye kichupa chenye maji.