Wanaopokea Inua Jamii wapimwe mkojo?

SWALI: Mhariri, chama chetu kimegawanyika. Wenzangu wanataka kila anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali ya Kenya kwa wasiojiweza, apimwe dawa za kulevya kwanza, kama Marekani. Wanasema kuna wazee wakishatoa pesa wanapitia moja kwa moja kwa mama pima, muuza pombe haramu. Je, wana haki? – Msomaji, Kayole

JIBU: Tuanze na huyo mama pima, maana kipimo hakimgusi. Pombe huisha mwilini kwa saa chache. Mzee aliyelewa Ijumaa, Jumatatu mkojo wake ni safi. Bangi ndiyo hukawia: siku tatu hivi kwa aliyevuta mara moja, mwezi au zaidi kwa mvutaji wa kila siku. Kokeini na heroini hutoweka kwa siku mbili hadi nne. Kwa hiyo mnayemlalamikia atapita, aanguke mwingine.

Kusoma kijiti cha kupimia mkojo nako kuna mtego. Tofauti na kile cha mimba, hapa mistari miwili, C (wa kuhakiki kijiti) na T (wa kipimo chenyewe), maana yake hakuna kitu. C peke yake ndiyo dalili ya dawa. C isipotokea, kijiti ni kibovu, tupa. T ikiwa hafifu sana bado inahesabika, ila anayepima kwa haraka humwandika mtu kuwa mlevi. Halafu kodeini ya dawa ya kikohozi hutokea kama afyuni, na efavirenzi, dawa ya ARV, imewahi kuonekana kama bangi. Ndiyo maana jibu la kijiti halitoshi: sampuli hiyohiyo lazima irudiwe maabara kwa mashine, na hapo ndipo gharama hupanda.

Huko Marekani mnakokutaja, jimbo la Florida lilianza Julai 2011. Mwombaji wa msaada wa serikali alijilipia kipimo, akirudishiwa pesa akionekana safi. Kati ya 4,086 waliopimwa, 108 tu ndio walioanguka, wengi kwa bangi. Jimbo lilirudisha dola 118,140, zaidi ya kile lilichookoa kwa kuwanyima hao wachache. Oktoba mwaka huohuo jaji akasimamisha mpango: kumpima mtu bila sababu ya kumshuku ni upekuzi unaokiuka katiba yao. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2014.

Hapa kwetu Katiba, kifungu cha 43, inaiagiza serikali kumsaidia asiyejiweza, na cha 31 kinalinda faragha. Majibu ya mkojo ni habari za afya. Mweka hazina wa chama hana ruhusa ya kuyasambaza kwenye WhatsApp.

Kama mnamjua mzee ambaye pesa zake huishia kwenye kikombe na nyumbani hakuna unga, nendeni kwa chifu au kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Elezeni tarehe, na nani analala njaa. Pakiwa na mlezi anayempokelea na yeye ndiye anayezinywa, ombeni abadilishwe.