Kijiko kinaruka, mtaro haushuki: maswali yenu

Kiangazi kikikolea, maswali ya mitaro huongezeka. Ardhi imekauka, na kila mtu anataka bomba lake liwe limefukiwa kabla ya mvua. Haya ndiyo ya safari hii.

Nina kijiko (mashine ya kuchimbia) cha tani tatu, nachimbia bomba la maji nje kidogo ya Dodoma. Nikifika sentimita 40 mashine inainuka nyuma na baketi haiingii. Nikodi mashine kubwa zaidi? (Opereta, Dodoma)

Subiri kwanza, kaka. Umefunga baketi gani? Kama ni ile pana ya sentimita 60, ndiyo inayokukwamisha. Ukifunga ya sentimita 30, nguvu ileile inaishia kwenye nusu ya upana, kwa hiyo kila jino linachoma karibu mara mbili. Bomba la inchi mbili halihitaji mtaro wa kulaza ng'ombe. Kagua na meno yenyewe: yakishaisha ncha hayachomi tena, yanasugua tu. Badilisha seti nzima, usichanganye mapya na makuukuu.

Halafu kuna namna ya kukata. Wengi hunyoosha mkono mpaka mwisho, wanachoma chini kwa pupa, kisha wanavuta. Hapo ndipo nguvu ya mashine ilipo ndogo kuliko kote, na ndiyo maana nyuma kunanyanyuka. Leta kazi karibu, shusha bledi (lile bapa la chuma la mbele) ishike ardhi, minyororo ya kutembelea iwe sambamba na mstari wa mtaro. Choma ncha za meno, kisha kunja baketi. Kukunja kuna nguvu kuliko kuvuta mkono. Ondoa tabaka la sentimita tano hadi kumi, basi. Ukisikia injini inalia na baketi haisogei, mafuta ya hidroliki yanapita kwenye valvu ya usalama na kuchemka bure. Achia, punguza tonge.

Jambo jingine ambalo vijana wengi hawafundishwi: usikwangue kutoka juu mtaro mzima kwa mkupuo. Fungua shimo moja hadi kina kamili, kisha rudi nyuma ukikata ukuta wake. Udongo mgumu hukatika kirahisi ukiwa na mahali pa kuangukia.

Nikimwagia maji usiku, asubuhi utalainika? (Mwenye kiwanja, Singida)

Kwenye moramu na udongo mwekundu uliokauka, ndiyo. Chimba kijifereji cha kiganja kimoja juu ya mstari, kijaze maji jioni, uache yanywewe. Kwenye mwamba unapoteza maji. Kwenye udongo mweusi wa mbuga usithubutu: utanata ndani ya baketi, na opereta atakuwa anabandua kwa koleo kutwa nzima. Karibu na msingi wa nyumba pia usimwage.

Huku kwetu Mtwara tunakutana na matumbawe. Nimekodi breka (nyundo ya kuvunjia mawe inayofungwa kwenye kijiko) lakini inatoboa tu, haipasui. (Fundi bomba)

Ndivyo matumbawe yalivyo. Yana matundu mengi, kwa hiyo pigo linazama badala ya kusambaza ufa. Jaribu kwanza jino la kupasulia, lile moja nene linalofungwa mahali pa baketi. Mara nyingi huyang'oa kwa mabamba. Ukirudi kwenye breka, anzia ukingoni, pointi karibukaribu, ncha iwe wima. Sekunde 20 zikipita bila ufa, hama. Kung'ang'ania sehemu moja kunaunguza ncha, na kugonga hewani kunaua breka yenyewe. Wala usiitumie kama mtaimbo wa kubinulia mawe.

Mtaro wetu una karibu mita mbili. Fundi anasema ardhi ni ngumu, kuta haziwezi kuanguka, na vibarua wanashuka kusawazisha. Ni kweli? (Dada mwenye nyumba, Machakos)

Si kweli, dada, na kwa leo msiwaruhusu washuke. Ukuta mgumu husimama wima ukakudanganya, kisha unakatika kwa kipande kimoja bila dalili. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili. Aliyefunikwa mpaka kifuani anashindwa kupumua hata kama kichwa kiko nje. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka kuta zikingwe kuanzia kina cha mita 1.5 hivi, labda mtaro wote uwe ndani ya mwamba imara. Laza kuta ziwe na mteremko au ziwekewe mbao na vizuizi vya kuzibana. Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, ngazi iwe karibu na walipo, na kijiko kisisogee ukingoni wakiwa chini. Ukiona nyufa zinazokimbia sambamba na mtaro, toa watu kwanza, mjadala baadaye.

Nitajuaje kuna nyaya au bomba chini? (Opereta mpya, Mwanza)

Uliza TANESCO, mamlaka ya maji na kampuni za simu kabla ya kuwasha mashine, kisha fungua mashimo ya majaribio kwa koleo, si kwa sururu. Ukiwa kazini, ogopa ulaini. Ardhi iliyokuwa inakukatalia ikilegea ghafla, au ukatokea mchanga safi usiofanana na udongo wa pale, mtu alishachimba hapo kabla yako. Zima, shuka, fukua kwa mkono. Ukigusa waya wa umeme, baki kwenye kiti usiguse chini, watu wakae mbali mpaka umeme ukatwe. Utaruka tu kama mashine inawaka moto.

Nilipe kwa saa au kwa mita? (Mwenye kiwanja, Dodoma)

Kwa saa, mwenye mashine hana haraka. Kwa mita, akikuta jiwe atakukimbia. Mimi hupendelea mita, ila baada ya kuchimba pamoja mashimo mawili matatu ya majaribio mbele ya macho yenu wote, na kuandikiana: jiwe likitokea, breka ni ya nani na italipwa vipi, dizeli inatoka wapi. Andikeni pia mchanga wa kulazia bomba, sentimita kumi chini na kumi juu, maana mashine ikishapakiwa kwenye lori hakuna atakayekumbuka kuwa kifusi kimejaa mawe makali.