Kabla hujanunua paneli, ijue laini yako

Mteja akinipigia kuhusu sola, swali lake la kwanza huwa ni paneli ngapi. Langu ni hili: nyumba yako iko nguzo ya ngapi kutoka kwa transfoma? Wengine hudhani nakwepa kutaja bei.

Mimi ni fundi wa stima huku Kilifi. Sola nyingi ninazoitwa kurekebisha hazina ubaya, ubaya uko kwenye waya wa mtaa. Laini zetu zilijengwa ili stima ije upande mmoja tu, kutoka kwa transfoma hadi kwako. Adhuhuri, paneli zikikolea na nyumbani hakuna mtu, ziada hurudi nje. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, volti hupanda. Nimewahi kupima 262 kwenye soketi ya jikoni ya nyumba ya mwisho kabisa kwenye laini, wakati kawaida yetu ni 240. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe stima ya nyumbani, ilikuwa ikijizima, ikijiwasha, ikijizima tena, na mwenyewe ameshashauriwa anunue nyingine. Haikuhitajika. Tuliiwekea kikomo cha ziada inayosukuma nje, kisha pampu ya kisima na kupiga pasi vikahamia mchana.

Kwa hivyo mwite fundi apime volti mara tatu: alfajiri, adhuhuri na baada ya magharibi. Zikishuka sana jioni, laini ni dhaifu, na sola itazipandisha mchana. Vipimo hivyo viandike, uvipeleke kwa kampuni ya umeme ukiomba transfoma irekebishwe au waya ubadilishwe. Malalamiko ya mdomo hayafiki mbali.

Ujue pia kwamba inveta ya kawaida isiyo na betri hujizima yenyewe stima ya mtaa inapokatika, hata jua liwe kali vipi. Ni kwa makusudi, isije ikamuua fundi aliye juu ya nguzo.

Kitaifa mambo ni yaleyale, ila kwa ukubwa. Mitambo 365 ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilisimama ikingoja laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, iliyokamilika 2018. Hapa Langobaya kuna shamba la sola la megawati 40 tangu 2021, lakini Kenya hutumia stima nyingi zaidi jioni, jua limeshatua. Ndiyo maana napendelea betri, japo ndogo: ya taa, friji na intaneti kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Ya kuendesha nyumba nzima ni kutupa pesa.

Na wanaotarajia kufidiwa ziada wanayorudisha kwenye laini: Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mpango huo. Kuomba, nasema. Usiyatie mapato hayo kwenye hesabu kabla mkataba haujatiwa saini.