Vinzi weusi kwenye mkuyu wa chunguni

SWALI: Shikamoo mama. Nina mkuyu niliodumaza mwenyewe kwa mtindo wa bonsai. Una miaka 6, uko sebuleni dirishani kwenye chungu kifupi kama sinia. Aprili niliuhamishia udongo mpya, wa msituni uliochanganywa na samadi, na kila siku naumwagia masalio ya majani ya chai. Maji naupa kila jioni. Tangu mwezi wa sita vinzi weusi wanaruka kila nikigusa chungu. Nimepuliza dawa ya mbu mara tatu. Wanapotea siku mbili, wanarudi. Sasa majani yanageuka njano. Mti wangu utakufa?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkuyu wa miaka 6 hauuawi na vinzi. Kwa ulivyonieleza, majani yanageuka njano kwa sababu ya maji, na maji hayohayo ndiyo yaliyowaita vinzi. Miezi hii ya baridi hapa kwetu udongo uliomwagiliwa jioni unaamka bado umelowa chapachapa, nawe jioni unaongeza.

Hawa si wale wanaozunguka ndizi mbivu jikoni. Wale ni wanene kidogo na macho yao mekundu. Wako ni weusi, wembamba, miguu mirefu kama mbu mdogo, na hawaumi kama usubi. Jike mmoja anataga mayai 100 hadi 200 kwenye sentimita 2 au 3 za juu za udongo wenye unyevu. Mwenyewe anaishi wiki moja hivi. Anayekula ni funza wake, yuko chini, na dawa unayopuliza hewani haimfikii.

Umwone kwa macho yako. Kata kipande cha kiazi mviringo, kinene kama kidole, ukilaze juu ya udongo na kukikandamiza kidogo. Baada ya siku 3 kigeuze penye mwanga. Utakuta funza wembamba kama uzi, urefu milimita 5 hivi, mwili angavu kiasi kwamba chakula kilicho tumboni kinaonekana kama mstari mweusi. Kichwa ni cheusi, kinang'aa. Kipande hicho kitumbukize kwenye maji yanayochemka, uweke kingine.

Majani ya chai acha kabisa. Najua ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu, na kwenye bustani ya nje hayana neno, minyoo inayashusha chini. Kwenye chungu chenye kina cha kidole yanavunda palepale juu na kuota ukungu, na ukungu ndio funza hawa wanaoupenda kuliko kitu kingine. Ukiwa haba, wanageukia vinyweleo vya mizizi. Mwaka 2016 nilipoteza vipandikizi 14 vya bogenvilia hivyo. Niling'oa kimoja kilichonyauka nikakuta vile vijizizi vyeupe vimetafunwa, pamebaki alama za kahawia tu. Niliumia sana, maana nilidhani ni kiu, nikawa nazidi kuvimwagilia. Mkuyu wako nadhani uliukata mizizi ulipouhamisha Aprili, kwa hiyo mizizi yake michanga ndiyo ya kulinda.

Kwangua sentimita 2 za juu, utupe mbali na nyumba. Weka badala yake kokoto ndogo nyepesi za volkano, zile ambazo sisi wa Arusha tunazikanyaga kila siku. Zichekeche vumbi litoke. Kuanzia sasa usimwagilie kwa saa. Chomeka kijiti cha mshikaki, kichomoe, kishike: kikitoka na ubaridi wa unyevu, subiri. Usiukaushe kabisa kama watu wanavyoshauri kwa maua ya makopo makubwa, chungu cha bonsai hakina akiba ya maji.

Kwa wanaoruka, kata kipande cha kidumu cha njano cha mafuta ya kula, ukipake mafuta ya mgando, ukisimamishe karibu na shina. Rangi ya njano inawavuta.

Ukitaka dawa, tafuta ile ya kibaiolojia ya viluwiluwi vya mbu. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kinaitengeneza. Soma kibandiko: bakteria awe Bacillus thuringiensis israelensis. Yenye Bacillus sphaericus ni ya mbu, hawa haiwagusi. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, umwagie kwenye udongo, urudie kila wiki kwa mwezi mzima, kwani toka yai hadi kinzi mpya ni wiki 3 hadi 4, na baridi hii huchelewesha zaidi.

Udongo wote utaubadilisha Septemba, joto likirudi na mkuyu ukianza kuchipua. Sasa hivi usiuguse mizizi tena. Leo jioni usiumwagilie, tafuta kiazi.