Usiiguse hiyo sipro!

WEWE, rudisha hiyo sipro (siprofloksasini, antibiotiki) dukani kabla hujafungua pakiti!

Nimesoma hadi pale uliposema uko kwenye ARV mwezi wa nne, unakohoa wiki ya tatu, shuka linalowa jasho usiku, kohozi limepimwa TB likatoka safi, na sasa unauliza uanze sipro uliyonunua hapo Kibaigwa au usubiri. Damu imenichemka. Huyo ni mimi mwaka juzi.

Langu nalo lilitoka safi. Nikaondoka maabara kifua mbele, nikajipongeza na chipsi mayai. Kikohozi kilipogoma, jamaa wa duka la dawa pale Majengo, koti jeupe, kalamu mfukoni, akaniambia "vumbi la Dodoma tu hilo, bosi", akanipa sipro. Hapo ndipo nilipokwisha, maana siku ya nne nilipata nafuu kweli! Nikamsifia mpaka kwa majirani. Kumbe sipro inawapiga wadudu wa TB kidogo bila kuwamaliza, wanajibanza tu. Wiki mbili mbele homa ikarudi na ndugu zake. Nami nikarudi kwa yule yule (cheka, ruksa), akaniongeza pakiti ya pili na sirapu. Miezi miwili hivyo. Kilo 64 zikawa 49, suruali naifunga kamba kama gunia la alizeti, shingoni tezi zimejipanga kama zabibu za Hombolo. Yeye anahesabu hela tu. Daktari wa dirishani, mshenzi yule!

Nilipobebwa kwenda CTC, kliniki yetu wenye VVU, nesi alinipa kikopo: "Kojoa humu." Haikufika saa, mkojo ukasema TB. Akanieleza kwamba CD4, yaani askari wa kinga mwilini, ikishuka sana, wadudu mara nyingi hawajazani mapafuni mpaka waonekane kwenye kohozi. Wanatawanyika kwenye tezi, tumboni, popote. Kwa sisi wenye VVU, kohozi safi HALIKUTOI kwenye TB. Liandike mlangoni.

Dozi miezi 6, bure kabisa. Vidonge vitatu kwa kilo zangu zile, mkojo rangi ya Fanta, na dolutegraviri, ile ARV yangu, nikaongezewa ya jioni kwa sababu rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inaimaliza haraka mwilini. Bure, nasema! Nilicholipia ni ile sipro.

Kesho asubuhi CTC. Jasho la usiku litaje wewe, usingoje kuulizwa, na uombe kipimo cha mkojo na picha ya kifua. Na hiyo pakiti bado naiona mkononi mwako.