Umeuliza kama mama yako arudi wodini

Mwanangu Zaina,

Umeuliza kama mama yako arudi wodini au aache kazi. Nitafika huko. Kwanza usiku ule aliofariki yule binti aliyezalishwa na mama yako, maana hapa Busia kila baraza lina hadithi yake, na shangazi yako najua ameshakupa ya kwake.

Mtoto alitoka saa nane na dakika kumi. Kabla dakika haijaisha, mama yako alishachoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 pajani. Kondo likatoka, akalikagua kwa taa ya simu: zima. Damu haikukatika. Alipogusa tumbo, mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliozidi maji, ilhali hutakiwa kukaza. Akausugua, akatoa mkojo kwa mpira, akatundika lita ya maji ya chumvi yenye uniti 20 nyingine, akaagiza gari liitwe. Halafu ngumi moja ndani, mkono wa pili juu ya tumbo, akabana, akakaa hivyohivyo. Gari halina dizeli. Damu haina subira, nawaambieni hilo tangu mkiwa wadogo.

Mie niliyezeekea kwenye stoo za dawa, kinachoninyima usingizi ni friji. Oksitosini hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na umeme ulikuwa umekatika siku tatu. Dawa iliyopigwa na joto haibadiliki rangi; unachoma, kumbe nguvu imekwenda. Basi asingeitumia? Angechoma nini? Misoprostoli haitaki friji, vidonge vinne chini ya ulimi, lakini ilikwisha, na nakala ya maombi yake ninayo hapa mezani. Labda angedai kwa ukali zaidi. Hapana, alidai. Au angempeleka yule binti hospitalini tangu jioni, alipoona macho yake hayana damu? Hapo nauma ulimi. Kikao cha kukagua kifo kilitakiwa kukaa ndani ya siku 7. Leo ni ya 19, hakuna aliyeita mtu. Damu haina subira, karatasi zinayo.

Sasa swali lako. Kula anakula kidogo. Saa yake ya kifuani bado anaibana kwenye gauni, hata akienda kuchota maji. Jana nilifungua friji yetu nikakuta kipimajoto kati ya maziwa na nyanya. Kilisoma 9.

Baba yako